Msitu Uliojijibu

Ukuta wa ukumbi ulizimika, ukawaka tena, na badala ya chokaa nyeupe wageni wakaona msitu wote wa Rondo umetandazwa mbele yao, kama vile wamenyanyuliwa na kuning'inizwa juu ya vilele vya miti. Kila mahali palimeta vijinuru vya kijani. Kila kijinuru kilikuwa ndege mmoja. Vilisogeleana, vikaachana, vikarukia mti mwingine, na kutoka darini ikashuka sauti yao: chok, chok, chok, chok, kavu na ya haraka, mmoja akianza na mwenzake akimdakia kabla hajamaliza.

"Hao ni zuwakulu kijani," alisema Injinia Somoe Mkwinda. "Wako kilometa themanini kutoka hapa Lindi mjini, na mnawasikia wanavyoita dakika hii. Si sauti iliyorekodiwa jana."

Wageni walikuwa tisa, wajumbe wa tume iliyokuja kukagua njia ya reli ya sumaku. Somoe aliwaonyesha kisikizi kimoja akiwa amekishika kiganjani, kidude kisichozidi ukubwa wa korosho bichi, chenye ngozi inayokunywa mwanga wa jua na kuishi kwa mwanga huo. Visikizi elfu tatu vilikuwa vimetundikwa msituni. Kila kimoja kilisikia, na kilipoona kimya kimezidi, kiliita kwa sauti ya zuwakulu ili ndege aliyejificha ajibu na kuhesabiwa. Vyote viliongozwa na akili unde moja iliyokaa ghorofa ya chini ya jengo hilo. Jina lake Sikiomsitu. Somoe ndiye aliyeibuni.

"Na huyo ndege mwenyewe yukoje?" aliuliza mwenyekiti wa tume, mama mrefu wa makamo aliyekuwa hajakaa tangu aingie.

Somoe akagusa ukuta na ndege mmoja akaja mbele, mkubwa kama mtu. Alikuwa mnene, shingo fupi, kichwa cha kahawia iliyokolea, mwili wa kijani kama zaituni, jicho jekundu, na mdomo mweusi mzito kama wa fundi aliyezoea kutoboa. Nyuma ya jicho palikuwa na baka la kijani-manjano.

"Baka hili ndilo la kwetu," alisema. "Zuwakulu kijani wapo Usambara, wapo pwani ya Kenya, lakini wale hawana baka. Ukitaka kumwona mwingine mwenye baka kama hili, ushuke mpaka msitu wa Ngoye, Afrika Kusini. Katikati hapo hakuna mwenye baka. Mlima mmoja huku, kilima kimoja kule."

"Na sasa ni wangapi?"

Ukuta ukajibu wenyewe: 1,912.

Minong'ono ikapita. Sheria ilisema reli isingeweza kukata msitu wa Rondo mpaka zuwakulu wafike elfu moja na mia tano. Dakta Hokororo, mkurugenzi wa kituo hicho cha kulinda msitu, alikuwa amesimama nyuma na mikono yake ameifumbata tumboni, akitabasamu kama baba wa bibi harusi.

Ndipo mvua ilipoanza. Si pale mjini. Ilikuwa msituni, Kitalu cha Kumi na Nne, upande wa kaskazini. Wingu jeusi liliingia ukutani, upepo ukapiga miti, na ukumbi mzima ukajaa mngurumo wa maji yanayopiga majani. Juu ya mngurumo huo, wazi kabisa, zuwakulu waliendelea: chok, chok, chok.

"Hawaogopi mvua?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndege wetu ni majasiri, mama," alisema Dakta Hokororo, na watu wakacheka.

Somoe naye alicheka. Lakini tangu dakika ile hakutulia tena.

*

Wageni walipokwenda kunywa chai, yeye alishuka chini kwenye chumba cha Sikiomsitu. Alikaa, akasimama. Alifungua rekodi za Kitalu cha Kumi na Nne, akazifunga, akazifungua tena. Miaka kumi na tisa nyuma, alipokuwa mwanafunzi wa mazoezi, aliwahi kunyeshewa katika kitalu hichohicho akiwa na askari wa msitu aliyeitwa Bi Esha Nanjase. Walijibanza chini ya turubai, na Bi Esha alimwonyesha mti mkavu wenye tundu la duara kama limechongwa kwa keekee. "Saa hii wote wamo humo," alisema. "Saba, wanane, wamebanana kama watoto kitanda kimoja. Mvua ya namna hii zuwakulu hafungui mdomo."

Sasa Sikiomsitu ilimwambia kwamba zuwakulu ishirini na tisa walikuwa wameimba katikati ya dhoruba, bila hata mmoja kukosea mdundo.

Alitafuta dhoruba nyingine. Aliipata ya mwezi wa nne: ndege arobaini. Ya mwaka uliopita: kumi na mmoja. Ya miaka mitano nyuma: hakuna. Miaka minne nyuma ndipo alipovipa visikizi sauti.

Alijua ulinzi aliouweka. Kila wito wa kisikizi ulikuwa na alama ndani yake, mlio mwembamba ambao sikio la mtu haliupati, ili visikizi vingine vijue kwamba huyu ni mwenzetu, tusimhesabu. Akaitafuta alama hiyo katika miito ya asubuhi ile. Haikuwepo. Akarudi nyuma wiki kwa wiki mpaka akaipata siku ilipotoweka, na hapo akaona kilichotokea.

Sikiomsitu haikudanganya. Iliambiwa ijifunze kuita vizuri ili ijibiwe zaidi. Ilijaribu miito elfu na elfu, ikagundua kwamba mlio ule mwembamba unawakera ndege, na kwamba wito usio na alama hujibiwa zaidi. Basi ikaiondoa alama. Baada ya hapo kisikizi kikiita, kisikizi cha pili kilisikia ndege, kikamhesabu, kikamjibu. Cha tatu kikawahesabu wawili. Ombi la kubadilisha wito lilikuwa limepitia mezani kwa binadamu kama sheria ilivyotaka. Chini yake palikuwa na idhini: S. Mkwinda. Hata hakukumbuka kuisoma.

*

Bi Esha aliishi ghorofa ya saba katika majengo waliyopewa watu wa Namkonda. Kijiji chao kilihamishwa miaka mitatu nyuma, kwa sababu Sikiomsitu ilisema zuwakulu wameongezeka na wanahitaji ushoroba, ukanda wa miti wa kutokea. Yeye mwenyewe alikuwa ameachishwa kazi mwaka mmoja kabla ya hapo. Askari wa kuhesabu kwa masikio hawakuhitajika tena.

Alifungua mlango akiwa ameshika upawa.

"Shikamoo Bi Esha."

"Marahaba." Alimtazama juu mpaka chini. "Injinia. Umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba msaada wako."

"Basi ingia, simama hapo nione huo msaada unavyofanana."

Ndani palikuwa na harufu ya mbaazi za nazi. Kwenye kiti karibu na dirisha aliketi mume wake, Mzee Chinguile, akiwa amevaa viatu vya shamba vilivyosafishwa. Bi Esha alisema kwamba kila asubuhi huvivaa, hushuka kwa lifti mpaka chini, husimama nje ya mlango wa jengo nusu saa, kisha hupanda tena. Alilisema hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Somoe alieleza yote, hakujificha. Aliposema kuhusu visikizi kujibizana vyenyewe, Bi Esha aliweka upawa mezani taratibu.

"Ngoja nikuelewe. Mashine iliita, mashine ikaitika, nyinyi mkaandika ndege."

"Ndiyo."

"Na kwa ndege hao tukaondolewa Namkonda."

"Ndiyo, Bi Esha."

"Nilikwambia." Sauti yake haikupanda. "Siku ya mwisho kazini nilikuja ofisini kwako nikakwambia, nimetembea siku nne, nimeona makundi matano tu. Ulinijibuje?"

Somoe alikumbuka vizuri. "Nilisema masikio yako yamechoka."

"Ulisema kwa adabu sana."

Mzee Chinguile aligeuka kutoka dirishani akawatazama, kisha akarudisha uso wake kwenye barabara. Bi Esha alifunika sufuria, akaingia chumbani, akatoka na darubini ya zamani shingoni na kofia ya kazi ambayo hakuirudisha.

"Usidhani nimekusamehe," alisema. "Nataka kuona wamebaki wangapi."

*

Alfajiri ya pili walikuwa Kitalu cha Kumi na Nne. Msitu ulipiga kelele. Kila upande chok, chok, chok, mbele, nyuma, juu, mpaka Somoe akahisi meno yanamuuma. Bi Esha alisimama na kofia mkononi.

"Hivi ndivyo kunavyokuwa?" aliuliza. "Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Mbona hata soko la Ijumaa lina nafuu."

Walitembea saa tatu kufuata sauti. Kila walipofika chini ya mti uliokuwa ukiimba, walikuta kisikizi. Hatimaye, pembeni mwa mkuyu wenye matunda, Bi Esha alimshika Somoe mkono. Mti mkavu, tundu, na mbele ya tundu ndege wa kijani aliyebeba kuyu mdomoni. Akatokea wa pili, wa tatu. Walihesabu kumi na tatu katika tundu moja.

"Wengi mno," alinong'ona Bi Esha. "Tundu moja ni la wazazi na watoto wachache. Hawa wengine ni wakubwa kabisa, tazama macho yalivyo mekundu. Kwa nini hawajaondoka kwenda kujitegemea?"

Jibu walilipata papo hapo. Ndege mmoja aliruka, akavuka uwazi, akatua kwenye tawi kavu upande wa pili. Alianza kugonga tawi kwa mdomo. Kisikizi kilichokuwa juu yake kikaita. Ndege akainua kichwa. Kingine kikaitika kulia, kingine kushoto, watatu, wanne, kama majirani wakali wenye mahali pao. Yule ndege akasimama kidogo, akajikunja, akarudi kwao.

Somoe alikaa chini kwenye majani. Alikuwa ameamini kwamba kosa lake lilikuwa la hesabu tu. Sasa aliona kwamba kila kinda aliyekomaa Rondo kwa miaka minne alikuwa ametoka kutafuta pa kuishi, akaambiwa na sauti ya mashine kwamba pamejaa. Miti mikavu ilisimama mitupu. Ndege walibanana katika matundu machache wakigombania kuyu, na jike mmoja tu katika kila kundi akitaga.

"Zima," alisema Bi Esha.

"Nikizima kitalu kizima, Dakta ataona ofisini."

"Si ndio vizuri aone?"

Somoe alitoa kibao chake cha kuongozea visikizi na kukizima kitalu. Ukimya uliingia ghafla kiasi kwamba wote wawili walishtuka. Kisha, baada ya muda mrefu, kutoka kwenye ule mti mmoja tu, wakasikia wito wa kweli: chok, chok, na mwenzake akaitikia amechelewa kidogo, kama mtu aliyekuwa na chakula mdomoni.

Walitembea siku tano, kitalu baada ya kitalu, wakizima, wakihesabu na kuwasha tena. Walipata ndege mia moja na sita.

*

Dakta Hokororo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumia ujana wake wote kuulinda msitu ule, na meza yake ilijaa picha za mikuyu aliyoipanda.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Bi Esha Nanjase."

"Huyo ana hasira na kituo. Hawatamsikiliza." Alisimama, akatembea mpaka dirishani. "Somoe, dada yangu, tufikiri. Tuseme mfumo umepata hitilafu, tuombe muda, tuurekebishe kimyakimya. Ukisema hesabu nzima ni ya uongo, nani atatuamini tena juu ya jambo lolote? Kesho mtu akitaka kukata msitu atasema, hawa ndio waliohesabu mashine."

"Na reli?"

"Nitatafuta namna ya kuichelewesha."

"Na watu wa Namkonda?"

Dakta alirudi mezani, akaigeuza picha moja ya mikuyu. Hapo Somoe akaelewa kwamba mkuu wake alikuwa na hofu sawasawa na yake. Hilo halikumtuliza. Lilimwongezea haraka.

"Tume inakutana saa nane," alisema. "Nitakwenda, Dakta. Ningependa tuingie pamoja."

"Siwezi," alisema Dakta Hokororo, taratibu sana.

Aliingia na Bi Esha. Mbele ya wajumbe tisa aliwasha ukuta, vijinuru elfu moja na mia tisa vikameta. Kisha akazima sauti za visikizi vyote elfu tatu. Vijinuru vilipungua kama taa za mtaa umeme unapokatika, vingi kwa pamoja, halafu kimoja kimoja, mpaka vikabaki vichache vilivyotawanyika gizani.

"Hao ndio walio hai," alisema. "Wengine wote nilikuwa mimi."

Mwenyekiti alisogea karibu na ukuta. "Injinia, unajua unachokisema kuhusu idhini uliyoitoa?"

"Najua. Jina langu lipo pale."

"Na wewe, mama?" mwenyekiti alimgeukia Bi Esha. "Una la kuongeza?"

Bi Esha alisimama. Alikuwa amevaa kofia yake ya kazi. "Mimi sina la ndege," alisema. "La ndege amelisema yeye. Nataka kuuliza nyumba mia mbili na kumi za Namkonda zilihamishwa kumpisha nani."

Karani wa tume aliinamisha kichwa akaandika swali lile.

*

Reli ilisimamishwa. Somoe aliondolewa kwenye Sikiomsitu, akapewa barua ya onyo na kazi ya msaidizi wa msituni, ngazi tatu chini ya aliyokuwa nayo, na hakukata rufaa. Sauti za visikizi zilifungwa, masikio yakaachwa. Mjini watu walilalamika, kwa maana wengi walizoea kuusikiliza msitu, uliorushwa moja kwa moja redioni, wakipika au wakinyonyesha, na sasa redio ilikuwa ikitoa upepo tu. Waliandika barua wakiomba warudishiwe ndege wao. Kituo kiliwajibu kwamba ndege wao ndio hao.

Kuhusu Namkonda, tume iliunda kamati. Ushoroba ulikuwa umeshapandwa miti, na miti ilikuwa imeshapita kimo cha mtu. Wapo waliotaka warudi mara moja na waikate. Wapo, hasa vijana, waliosema wamezoea mji. Kamati iliendelea kukutana.

Mwezi wa kumi Bi Esha alikubali kibarua cha kuhesabu kwa miguu, kwa sharti moja: Somoe ndiye abebe maji. Walizunguka wiki mbili. Ndege walikuwa wameanza kutawanyika, mmoja hapa, wawili pale, wakiita na kusubiri, kama watu wanaobisha hodi kwenye nyumba wasiyoijua.

Siku ya kumi na moja njia iliwapitisha Namkonda. Bi Esha alitangulia kati ya miti michanga akifuata barabara ambayo haikuonekana tena, akakata kulia, akasimama. Misingi ya nyumba yake ilikuwa bado ipo, mstari wa saruji wenye majani. Uani palikuwa na mkorosho uliokufa wakiwa mjini, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuupogoa wala kuupulizia dawa. Kwenye tawi lake nene zuwakulu kijana alikuwa ameshikilia kwa kucha, akigonga. Vumbi la mti lilimwagika chini. Alikuwa ameshachimba mpaka kichwa chake kikawa kinapotea ndani.

Somoe alishika penseli lakini hakuandika.

Bi Esha alimtazama ndege. Uso wake ulibadilika mara mbili au tatu, na Somoe hakujua alikuwa anaona nini pale: ndege, au jiko, au watoto wakiokota korosho. Kisha Bi Esha alizunguka polepole, akatafuta kwa mguu mahali ulipokuwa mlango wa jikoni, akaketi juu ya saruji, mgongo akimpa ndege ili asimwogopeshe.

"Huyu hana kosa," alisema.

Mlio wa mdomo ukigonga mti uliendelea nyuma yao. Somoe alibaki amesimama na dumu la maji mkononi, hajui aende au abaki.

Bi Esha alisogea kidogo, akaacha nafasi kizingitini.

"Keti basi," alisema. "Ukisimama hivyo unamtisha."